Kifungu cha Tisa

Chilangala, Newala
4 Septemba 2024

Mama Anastasia,

Bahasha yako nimeipata. Konda Shamte kanikabidhi mkononi, na nimemsainisha kwenye daftari kwamba imefika haijafunguliwa. Usishangae. Nimeamua mambo ya mkataba huu tuyaandike, tusiyaongee kwenye simu. Kwenye simu unanishinda. Unacheka, unanichekesha, nikishakata najikuta nimekubali jambo ambalo hata silikumbuki.

Basi rasimu yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa miwani ya Rahima wa hapa bandani. Kifungu cha kwanza sina neno nacho: Sikuzani Halfani na Dorika Nikolao, wabia sawa kwa sawa katika kazi ya kubangua na kuuza korosho. Ndivyo tulivyo miaka mitano sasa, mimi nabangua huku na wanawake kumi na wawili, wewe unauza huko Masasi. Kwamba yule mnunuzi wa Dodoma hatupi oda ya mwaka mzima mpaka aone ubia uliosajiliwa na mkataba wenye saini, nalo nimelielewa. Anataka karatasi kabla ya Oktoba kwisha, nimesikia.

Lakini kifungu cha tisa, Dorika! "Endapo mbia mmoja atafariki dunia, fungu lake litakwenda kwa mtu aliyemtaja hapa chini." Halafu mstari mtupu, unanisubiri. Nani kakwambia nakaribia kufa? Ni kile kikohozi cha Julai? Kile ni moshi wa maganda, kila mbanguaji anacho. Huku kwetu mtu mzima wa afya haandikiwi kifo chake, na anayekiandika huulizwa amekijuaje. Mimi nauliza.

Na kwa nini kwa mwanasheria ulikwenda peke yako?

Sikuzani Halfani


Masasi
9 Septemba 2024

Mama Zabibu mpenzi,

Yaani nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Shamte kafika hapa stendi analalamika kwamba mama wa Chilangala amemfanya mwizi kwa bahasha moja.

Dada yangu, kifungu hicho hakijakutaja wewe. Kinatuua wote wawili, wewe na mimi. Mwanasheria Christopher ananiambia mkataba wa ubia usiposema lolote juu ya kifo, mbia mmoja akifa na ubia umekufa hapohapo. Mnunuzi anaondoka, banda linafungwa, ndugu wanakuja kugawana mashine. Mimi kwenye mstari wangu nimeshamwandika Anastasia, na asubuhi hii nimekula mihogo na chai ya maziwa, sijafa.

Kwenda peke yangu uliniambia wewe. Siku ile mashine ya kubangulia ilikuwa imekatika mkono, ukasema nenda tu, nitasoma. Umesahau?

Jaza mstari wako, andika mtu unayemtaka wewe. Ila nakuomba kitu kimoja. Usimwoneshe mtu yeyote rasimu hiyo kabla hatujaonana. Yeyote, hata wa nyumbani. Naandika kwa haraka, wateja wamejaa.

Dorika


Chilangala
15 Septemba 2024

Mama Anastasia,

"Hata wa nyumbani." Maneno hayo nimeyapigia mstari mwekundu. Mkataba wa halali unafichwa watu wa nyumbani kwa sababu gani?

Kuna jambo la pili. Ijumaa Rahima alikuwa Masasi, alimpeleka mama yake kliniki ya macho. Anasema alikuona kwenye ile hoteli ya chai nyuma ya stendi, umeketi na mzee wa kanzu, na faili letu la kijani liko mezani kati yenu. Mzee alikuwa amempa mgongo. Rahima alipokuita hukuitika, ulilifunga faili ukaliweka mapajani. Rahima unamjua. Amemenya korosho na mimi tangu siku ya kwanza, na hana cha kupata akinidanganya.

Mzee huyo ni nani? Ni mbia wa tatu? Mnaniondoa polepole mpaka nibaki mbanguaji wa kulipwa kwa kilo? Nataka jibu, na nalitaka kwa maandishi.

Sikuzani Halfani


Masasi
19 Septemba 2024

Mama Zabibu,

Mzee yule ni mteja tu. Ana harusi ya binti yake, alitaka kujua bei za pakiti kubwa, nikamwonesha orodha. Rahima sikumsikia, stendi ina kelele. Jamani, tumeanza kuchunguzana?

Jaza mstari, siku zinakwenda.

Dorika


Chilangala
26 Septemba 2024

Dorika Nikolao,

Orodha ya bei haikai kwenye faili la kijani. Inakaa kwenye daftari la buluu. Faili la kijani lina karatasi za usajili peke yake, na aliyezigawa hivyo ni mimi. Umenidanganya, tena umenidanganya vibaya, hata hukujipa tabu.

Kwa hiyo nimefanya ulichonikataza. Nimepanda bodaboda mpaka Newala mjini, nikaipeleka rasimu kwa mjomba Khalidi. Umemwona misibani, ni kaka wa tumbo moja wa marehemu mama yangu. Yeye ndiye aliyesimamia unyago wangu, yeye ndiye aliyesimama nilipoolewa, na mume wangu alipofariki ni yeye aliyenirudisha Chilangala. Kiwanja kilichobeba banda letu ni cha ukoo, na mkubwa wa ukoo ni yeye. Nisimwoneshe yeye nimwoneshe nani?

Amesoma polepole, karatasi kwa karatasi. Alipofika kifungu cha tisa alivua miwani akanitazama kwa huruma. Akasema, "Mpwa wangu, huyu rafiki yako anataka ufe huku huna mwenyewe." Akaniambia kwa mila yetu mali ya mwanamke iko chini ya mkono wa mjomba, basi mstari ule hauna la kufikiria. Nimeandika Khalidi Mahmudu. Nimesaini. Karatasi yenyewe ameihifadhi yeye, wewe nakutumia kivuli chake.

Sasa saini na wewe tumpelekee mnunuzi. Na ujue kuanzia leo kuna mtu anasoma nyuma yangu.

Sikuzani Halfani


Masasi
30 Septemba 2024

Mama Zabibu,

Nimekudanganya. Naanza na hilo usipoteze muda kulitafuta.

Yule mzee wa kanzu ni mjomba wako Khalidi. Amenijia Masasi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti, rasimu haijaandikwa. Alikuwa amesikia tunasajili ubia. Akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba una kifua kibovu, huna kaka, na ukiondoka banda na vilivyomo vinarudi mikononi mwake. Basi nisihangaike kukuandika wewe, nimwandike yeye sasa hivi, tusipoteze muda. Nikamwambia hapana, mzee wangu. Basi siku ile uliponiambia niende tu kwa Christopher, nilimwuliza mtu anajilindaje na jambo kama hili, naye ndiye aliyeleta kifungu cha tisa. Nilitaka jina ulichague wewe, ungali hai, tena kwa mkono wako.

Mara ya pili ni siku ile Rahima aliponiona. Alitaka kuona faili. Sikumfungulia. Akasema hana ugomvi na mimi, siku ikifika atamweka mwanawe Anwari asimamie banda, mimi niendelee kuuza. Akasema nikikwambia atatufukuza kwenye kiwanja chake mchana kweupe, wanawake wote wakabangulie barabarani.

Niliogopa, Sikuzani. Sikuogopa kiwanja tu, nilikuogopa na wewe. Mimi Mmakua wa Lulindi, kwetu pia mjomba ni mjomba. Nikimsema mjomba wa mtu, nani atanisikiliza? Nikaona bora niseme mteja. Nimekosa, na ninaona aibu.

Lakini arobaini ya dada yako Shakila nilikuwepo. Nilimwona mjomba wako akiipitia mikorosho yake mmoja mmoja kabla sufuria za shughuli hazijaoshwa, na wanawe wamekaa kizingitini wanatazama.

Karatasi uliyosaini siisaini. Bila saini yangu haina nguvu yoyote. Kasirika unavyotaka.

Dorika


Chilangala
3 Oktoba 2024

Dorika Nikolao,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Umemvunjia heshima mzee aliyenilea, na umejikamata mwenyewe kwa mdomo wako.

Anwari! Ungesema mjomba anajitakia mwenyewe, labda ningekaa nikafikiri. Lakini Anwari si mtu wa ukoo wetu. Mjomba amemzaa, ndiyo, ila Anwari ni wa ukoo wa mama yake, watu wa Tandahimba. Mjomba anashika mali ya ukoo kwa ajili ya wapwa zake. Mtoto wake wa kumzaa hana haki hata ya jani moja, na hilo hata mtoto wa chekechea wa Chilangala analijua. Na wewe unalijua, maana kwenu ni vilevile. Hakuna mjomba kwenye uwanda huu wote anayeweza kutamka neno hilo mbele ya mtu. Ulikuwa na haraka ya kutunga, ukasahau unamtungia nani.

Mashine yangu ya kufungia pakiti iliyo huko irudi na basi la Jumatatu. Ubia wetu basi. Mnunuzi mwambie unachojua kumwambia.

Sikuzani Halfani


Masasi
7 Oktoba 2024

Mama Zabibu,

Mashine imepanda basi. Shamte ameisainia, nami nimenunua daftari.

Sikuombi uniamini. Nakuuliza tu, mikorosho ya marehemu Shakila msimu huu anaivuna nani? Usiniulize mimi wala usimwulize mjomba. Nenda kwa miguu yako ukaone.

Mnunuzi sijamwambia chochote.

Dorika


Newala Mjini
14 Oktoba 2024

Mpwa wangu mpendwa Sikuzani,

Baada ya salamu nyingi, sisi huku wazima wa afya, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, hofu yetu ni kwako wewe na kifua chako.

Ujumbe wako niliuletewa na Rahima. Eti umefikiri upya, unataka kulifuta jina langu kwenye ile karatasi umweke Zabibu. Mpwa wangu, hayo si maneno yako. Zabibu yuko kidato cha tatu, anajua nini juu ya biashara? Leo yuko kwako, kesho yuko kwa mume.

Nimeambiwa pia ulikwenda kwenye mikorosho ya marehemu Shakila, ukamkuta Anwari na vibarua wake, ukamhoji kama polisi. Hilo halikunifurahisha. Mikorosho ile nimempa mimi. Anwari ni damu yangu, na dini yetu inasema mtoto ndiye mrithi wa baba yake. Banda nalo, panapo majaliwa, litakuja kwake, nimeshamwambia, na kijana wa watu ameshatafuta fundi wa kuchora kibao kipya. Usimvunje moyo.

Karatasi yako iko salama sandukuni kwangu. Tulia, kunywa dawa, mengine niachie mimi. Na huyo mwanamke wa Masasi usimwandikie tena.

Ni mimi mjomba wako,
Khalidi Mahmudu


Chilangala
17 Oktoba 2024

Mama Anastasia,

Kivuli cha barua ya mjomba hiki hapa. Isome umeketi.

Nilikwenda kwenye mikorosho. Anwari alikuwa amevua shati, anawapangia vibarua kazi, akaniita dada kwa furaha zote. Nikamwuliza, "Mjomba kakupa kibarua?" Akacheka. Akasema, "Kibarua cha nini, dada? Hii yangu." Watoto wa Shakila walikuwa wanaokota zile zilizoanguka nje ya mpaka. Nilirudi nyumbani. Ndipo nikamtuma Rahima na yale maneno ya kubadili jina, nimwone mjomba atafanyaje. Ameyaandika mwenyewe, kwa wino.

Dorika, alipoichukua mikorosho ya Shakila alituambia ni mila. Anapompa mwanawe anatuambia ni dini. Akichukua ni mila, akigawa ni dini, na mimi miaka yote namwamkia shikamoo kwa magoti yote mawili! Nimelia kwa hasira, nimelia na kwa ujinga wangu.

Nilikushuku wewe kwa sababu ulidanganya. Yeye sikumshuku kwa sababu ni mjomba. Nisamehe kwa barua ya tarehe tatu. Ule uongo wako wa mteja bado sijaumeza, nitaumeza pole pole.

Jana nimempigia Christopher, nikamwuliza maswali mpaka akaomba anywe maji. Karatasi iliyo kwa mjomba ni bure kama ulivyosema, ila amenishauri niandike barua ya kuifuta, nimeiandika. Kwenye mstari wangu nimemweka Zabibu. Kwa kuwa hajafika miaka kumi na minane anahitaji msimamizi, nami nikakutaja wewe. Christopher akakataa. Anasema wewe utakuwa mbia aliyebaki, huwezi tena kumsimamia mtoto mnayegawana naye, mtu mmoja hakai pande mbili za meza. Basi nimemweka Rahima. Yule hamwamini mtu, hata mimi ananihesabia debe mara mbili.

Na nimeongeza kifungu changu mwenyewe, utakikuta mwisho. Mbia yeyote akifuatwa na ndugu wa mwenzake kwa jambo la biashara, amwandikie mwenzake ndani ya siku saba, aseme nani amekuja na amesema nini. Ukikataa kifungu hicho na mimi sisaini.

Kiwanja tunakiacha. Sitaki kufanya kazi mahali ambapo mtu anaweza kunifungia mlango kwa sababu nimemkasirisha. Nimepata ghala la kupanga pale Newala karibu na soko, mkataba wa miaka mitatu, nao nimeupeleka kwa Christopher ausome kwanza. Ni padogo na paa linavuja upande mmoja. Chilangala nitakuja kulala tu.

Niandalie chai tarehe ishirini na tisa.

Sikuzani


Newala
30 Oktoba 2024

Mjomba wangu Khalidi Mahmudu,

Shikamoo.

Nakuandikia mwenyewe ili usilisikie kwa watu. Jana mimi na Dorika tumesaini mkataba wetu Masasi, mbele ya mwanasheria na mashahidi wawili, na leo asubuhi mkataba huo umepelekwa kwa mnunuzi. Kwenye kifungu cha tisa hakuna jina lako. Karatasi iliyo sandukuni kwako haina saini ya mbia mwenzangu, na yangu nimeifuta kwa maandishi. Barua ya kuifuta nimeiambatanisha hapa, na nakala anayo mwanasheria.

Banda tumelihama. Jumamosi wanawake kumi na wawili walibeba mashine, mabeseni na meza mpaka barabarani, na mabati tukayang'oa maana niliyanunua mimi. Nililia, sikufichi. Pale ndipo mama alinifundisha kubangua, alikuwa anapuliza kila punje kabla hajanipa. Kiwanja sikigombei. Ni cha ukoo, na kibaki cha ukoo. Ila nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji nikamweleza Anwari ni mtu wa ukoo gani, na watoto wa Shakila ni wa ukoo gani. Wazee wawili wa kwetu waliokuwepo wamenisikia, na hakuna aliyebisha. Habari ya mikorosho ya watoto wale tutaonana nayo kwenye baraza la kata. Utaletewa barua ya wito, tafadhali uipokee.

Sikutukani, mjomba. Umenilea na nitakuamkia kila nikikuona. Lakini kuamkia ni kuamkia, na saini ni saini. Saini nilikupa bure kwa sababu nilidhani ni kitu kimoja na kukuamkia.

Kifua changu hakijambo. Hata hivyo siku ya kufa ipo, na nikifa utaambiwa, Zabibu nimeshamwagiza. Njoo. Wewe ni kaka wa mama yangu, hakuna atakayekuzuia mlangoni. Watakupa kiti na watakupakulia chakula, kama wageni wengine. Mkishamaliza kula, utaondoka nao.

Sikuzani Halfani